Mapadre Wawili, Jina Moja: Tulichojifunza kwa Kuweka Lebo



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, simu ya Padre mlezi wetu iliita. Aliyepiga alikuwa padre wa jimbo, anayehudumu katika parokia iliyo mbali na seminari yetu. Baada ya salamu alisema, "Nimepiga kuwajulisha vijana wako kwamba mimi bado nipo hai." Padre mlezi alicheka, akidhani ni utani wa mapadre. Haukuwa utani. Asubuhi ile mama yake, ambaye ni mzee sana, alikuwa amepokea simu mbili za pole kutoka kwa watu wa kijijini kwao wanaoishi mjini. Simu ya tatu hakuipokea. Aliketi sakafuni akasubiri mjukuu atoke kanisani ampigie mwanawe, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Habari ya kifo hicho ilikuwa imetoka kwenye jarida hili unalolisoma.

Sisi tunaoandika ni mafrateri watatu wa mwaka wa pili wa falsafa, tuliopewa kazi ya kutunza kumbukumbu za jarida. Aliyeshika kalamu ana miaka 25. Tunasema "sisi" kwa sababu kosa lilikuwa letu sote: mmoja alichapa, wa pili alihakiki, wa tatu alibonyeza. Tumeomba ruhusa kwa wahusika ili tulisimulie, na majina yao tumeyaacha kando. Hata tukilitaja jina hilo, ndugu msomaji, usingejua tunamsema nani, kwa kuwa wenye jina hilo ni wawili.

Kosa la kwanza

Makala za zamani za jarida zilikuwa ndani ya maboksi maktabani: mahubiri, mafundisho, taarifa za upadrisho, jubilei, tanzia. Zilichapwa kwenye karatasi kabla seminari haijawa na tovuti. Jioni, baada ya masomo ya binafsi, tulizichapa upya moja moja kwenye kompyuta. Kila makala ilipoingia tuliipa lebo, yaani neno moja au mawili ya kumwambia msomaji makala inahusu nini: Kwaresima, ndoa, sala, jina la mtakatifu, jina la mtu. Msomaji akibonyeza lebo, tovuti humletea makala zote zenye lebo hiyo. Chini ya kila makala pia kuna kisanduku cha "Soma pia". Kisanduku hicho hakijazwi na mtu. Kompyuta huangalia lebo, kisha huokota makala nyingine zenye lebo ileile.

Kompyuta haimjui mtu. Inajua herufi, na herufi zikilingana, kwake ni kitu kimoja.

Mapadre wale wawili walikuwa wa jimbo moja, wenye jina moja la ubatizo na jina moja la ukoo, bila kuwa ndugu. Mmoja alifariki miaka mingi iliyopita, na tanzia yake tuliikuta kwenye boksi la pili. Mwingine ndiye mwandishi wa makala nzuri kuhusu maandalizi ya ndoa, ambayo vijana wa VIWAWA walikuwa wakitumiana kwa simu. Makala hizo mbili tuliziwekea lebo moja, yaani jina lao. Kuanzia hapo kila aliyefika mwisho wa makala ya ndoa alikuta chini yake alama ya msalaba na kichwa cha habari kisemacho kwamba padre huyo ameitwa na Bwana. Mwaka wa kifo ulikuwa ndani ya tanzia, lakini wengi hawakufungua ndani. Walisoma kichwa, wakapiga picha ya skrini, wakaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya zao. Ikamfikia mama.

Kosa la pili

Padre mlezi alipotuita, tulikimbilia kwenye kompyuta tukafanya kile anachofanya mtu mwenye hofu. Tuliifuta tanzia yote. Dakika tano tu, kisha tukaenda kula chakula cha mchana, mioyo imetulia.

Wiki moja baadaye tulipokea barua pepe fupi. Mama aliyeiandika alijitambulisha kuwa dada wa padre yule aliyefariki. Alisema aliposikia kwamba tanzia ya kaka yake imewekwa mtandaoni, aliwaita watoto wake waliozaliwa baada ya kifo hicho akawasomea, ili wamjue mjomba wao. Juzi alitaka kumwonyesha jirani, akakuta haipo. Aliuliza swali moja: "Je, kaka yangu amekosa nini?"

Tulishindwa kumjibu siku ile. Kwa muda mfupi tulikuwa tumemzika aliye hai na kumfuta aliyekufa, na sababu ilikuwa lebo moja.

Kwa nini hatukosei tunapozungumza

Tulijiuliza kwa nini balaa kama hilo halitupati kila siku. Majina yanayofanana yako kila mahali. Hapa seminarini peke yake wapo akina Yosefu wengi, na chakula kinafika mezani bila ugomvi. Kiswahili chenyewe kimejaa maneno yenye sura moja. Ukisikia "paa amekimbia", unamwona mnyama wa porini. Ukisikia "paa linavuja", unatafuta ndoo. Mpishi akisema "niletee mbuzi huyu", atahitaji kisu. Akisema "niletee mbuzi hii", anataka kukuna nazi. Kaa huyu ana miguu, kaa hili linaunguza. Upatanisho wa ngeli unatulinda bila sisi kuona. Na pale sarufi inaposhindwa, watu huulizana: "Unamsema Padre yupi, yule mzee au huyu kijana?" Mazungumzo yanaendelea.

Lebo haina kitenzi. Haina "huyu" wala "hili", na hakuna wa kumwuliza "yupi?". Ni neno lililong'olewa kwenye sentensi yake likapachikwa ukutani peke yake. Kamusi nayo huorodhesha maneno yaliyotolewa kwenye sentensi, na ndiyo maana huandika "paa" zaidi ya mara moja, kila paa na namba yake. Watunga kamusi walilijua tatizo hili zamani. Sisi tulidhani kazi yetu ni nyepesi kuliko ya kwao.

Tulipoliona hilo tulijua pia dawa ilipo. Jina likitolewa kwenye sentensi, lazima libebe kipande kidogo cha sentensi ile. Swali likawa: kipande kipi?

Waliotutangulia

Padre anayetufundisha Maandiko alituelekeza kwenye Injili ya Yohane, sura ya 14, aya ya 22. Ni usiku wa Karamu ya Mwisho. Yuda anamwuliza Bwana swali, na Mwinjili anakatiza masimulizi ili kutueleza kwamba Yuda huyu siye Iskarioti. Ni maneno machache sana. Lakini bila maneno hayo, kila msomaji tangu siku hizo angesikia swali la mtume mwaminifu kwa sauti ya msaliti. Katika orodha za Mitume ni vivyo hivyo. Yuko Yakobo wa Zebedayo na Yakobo wa Alfayo, na Simoni aitwaye Petro halafu Simoni mwingine mwenye sifa yake. Wainjili hawakuwaachia watu hawa majina matupu.

Karibu na kwetu wako Mashahidi wa Uganda. Kati ya 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, watatu wanaitwa Mukasa: Yosefu Mukasa Balikuddembe, Adolfu Mukasa Ludigo, na Mukasa Kiriwawanvu. Ndani ya boksi letu kulikuwa na mahubiri yaliyomtaja "Mtakatifu Mukasa" tu. Mhubiri na waamini wake bila shaka walijua ni yupi. Sisi tulisoma kurasa zote mara mbili hadi tukakuta mahali anaposema kwamba shahidi huyo aliuawa kabla ya wenzake. Hapo tukajua ni Balikuddembe, aliyeuawa Novemba 1885. Wale wengine wawili waliuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Mfano uliotugusa zaidi ni wa Maria Magdalena. Injili ya Luka, sura ya 7, inasimulia habari za mwanamke mkosefu aliyempaka Yesu marhamu miguuni, na jina lake halitajwi. Sura ya 8 inamtaja Maria Magdalena, aliyetokwa na pepo saba. Injili ya Yohane inamtaja Maria wa Bethania, dada yao Martha na Lazaro, ambaye naye alimpaka Yesu marhamu. Mwaka 591 Mtakatifu Gregori Mkuu, katika mahubiri yake, aliwachukua wanawake hao watatu kuwa mtu mmoja. Kanisa la Magharibi likamfuata kwa karne nyingi. Wachoraji wakamchora Magdalena akilia dhambi za mwanamke mwingine, na watu wakamkumbuka kwa dhambi hizo kuliko kwa asubuhi ya Pasaka, alipotumwa kuwapasha Mitume habari ya ufufuko. Kalenda ya mwaka 1969 ilianza kuwatenganisha. Mwaka 2016 kumbukumbu ya Magdalena ikapandishwa hadhi kuwa sikukuu, kama walivyo Mitume. Mwaka 2021 Maria wa Bethania naye akapata siku yake pamoja na Martha na Lazaro, tarehe 29 Julai. Gregori alikuwa mchungaji mtakatifu na mwalimu mkubwa, na hakukusudia kumsingizia mtu. Nasi hatukukusudia kumwua padre. Ukichanganya majina, mtu hubebeshwa maisha ya mwingine, hata kama nia yako ni njema.

Wengine watasema dawa ni namba. Namba husaidia, lakini nayo inataka daftari moja. Angelo Roncalli alipochaguliwa kuwa Papa mwaka 1958 na kuchukua jina la Yohane, ilibidi swali la namba liamuliwe. Kumbe mwaka 1410, wakati wa Mfarakano Mkubwa, Baldassarre Cossa alikuwa amejiita Yohane XXIII, na Kanisa halimhesabu kuwa Papa halali. Roncalli akachukua namba hiyohiyo. Na ukiitazama orodha ya Mapapa, hutamwona Yohane XX, kwa sababu waliohesabu zamani walikosea. Namba iliyotolewa na madaftari mawili huleta utata kama jina.

Tulichokiona darasani

Muhula huo tulikuwa tunasoma Aristotle. Kitabu chake cha Kategoria kinaanza na jambo hili hili. Kabla hajasema lolote kuhusu vitu, anasema kuhusu vitu vinavyoshiriki jina bila kushiriki maana. Anatoa mfano wa neno la Kigiriki lililotumika kwa mtu aliye hai na pia kwa mchoro wake. Mwanzoni tulipita ukurasa huo haraka tukidhani ni salamu ya kuanzia kitabu. Baada ya simu ya Padre tuliurudia polepole.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino analiendeleza jambo hilo katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 13, anapouliza jinsi maneno yetu yanavyoweza kumsema Mungu. Anaonyesha njia tatu. Mara nyingine neno moja lina maana moja kwa wote, kama tunavyosema "padre" kwa mapadre wetu wawili. Mara nyingine neno ni moja na maana hazina uhusiano wowote, kama paa wa porini na paa la nyumba. Na mara nyingine maana ni tofauti lakini zina undugu. Mfano wake ni afya. Tunasema mwili una afya, na tunasema dawa ni ya afya kwa kuwa inauletea mwili afya.

Mgawanyo huo ulitusaidia kwenye kompyuta kuliko tulivyotarajia. Lebo yetu ya "hekima" ilikuwa imekusanya makala kuhusu Kitabu cha Hekima katika Biblia, makala kuhusu falsafa kama upendo wa hekima, na makala ya frateri mmoja kuhusu methali za bibi yake. Mwanafunzi aliyetafuta maelezo ya Kitabu cha Hekima kwa ajili ya mtihani aliletewa methali. Tulikuwa karibu kuzitenganisha kabisa, kama paa na paa. Mwalimu wetu wa falsafa akatuzuia. Alisema, "Hizo ni ndugu. Ukizitenga kabisa unasema uongo mwingine." Basi tukaziweka lebo tatu, na kila moja ina kiungo cha kuelekea kwa wenzake. Majina ya watu hayana undugu wa namna hiyo. Padre mmoja si sehemu ya padre mwingine, hata kama wanaitwa sawa.

Tulivyopanga upya

Mlei mmoja mtaalamu wa kompyuta alijitolea kutusaidia siku za Jumamosi. Kwa ushauri wake na wa walimu wetu tuliweka kanuni chache. Tunaziandika hapa kwa sababu parokia nyingi sasa zina tovuti, na kwaya nyingi zinahifadhi nyimbo mtandaoni. Huenda zikamwokoa mtu.

Kwanza, kila lebo ina ukoo. Tunaandika "mtu", "mahali", "kitabu", "fadhila", "sikukuu", kisha jina lenyewe. "Kitabu: Hekima" haigongani tena na "fadhila: hekima". Mafundi wa kompyuta wana jina lao la jambo hili na wamelitumia miaka mingi. Sisi tuliliita ukoo kwa sababu kazi yake ni ileile ya jina la ukoo, kusema mtoto huyu ametoka nyumba gani.

Pili, kwa watu ukoo hautoshi, kwa sababu mapadre wote wawili ni "mtu". Hapa tulikosea tena. Tuliongeza jina la parokia anayohudumu kila mmoja, tukaridhika. Kabla mwaka haujaisha padre aliye hai akahamishwa, na lebo ikawa inasema uongo. Mwalimu wa falsafa alituuliza, "Mnamtambua mtu kwa koti lake? Akilivua je?" Ndipo tukaelewa, kwa vitendo, tofauti tuliyoikariri darasani kati ya kile ambacho mtu anacho kwa muda na kile kisichomwondoka. Parokia hubadilika. Cheo hubadilika pia: padre anaweza kuwa askofu, na mwenyeheri anaweza kutangazwa mtakatifu. Lakini mwaka wa kupewa daraja la upadre ukishapita haubadiliki. Maktaba nyingi hufanya hivyo kwa mwaka wa kuzaliwa mwandishi. Sisi kwa mapadre tunatumia mwaka wa upadrisho, na kwa watakatifu sifa ambayo Kanisa limewapa: Agostino wa Hippo na Agostino wa Canterbury, Antoni Abate na Antoni wa Padua, Teresa wa Avila na Teresa wa Mtoto Yesu.

Tatu, jina tupu si lebo, ni njia panda. Anayetafuta "Teresa" peke yake hapelekwi kwa Teresa yeyote. Anaonyeshwa wote, kila mmoja na mstari mmoja wa maelezo, achague mwenyewe. Kompyuta ikiwa haijui, iulize kama watu wanavyoulizana.

Nne, kabla ya kuumba lebo mpya, tafuta kwanza. Tulikuwa na kosa la upande wa pili ambalo halikupiga kelele: mtu mmoja mwenye lebo tatu. Tuliandika "Tomaso wa Akwino", "Thomas Aquinas" na "Mt. Tomaso", na makala zake zikagawanyika mafungu matatu. Sasa lebo ni moja, na majina mengine yanaelekeza kwake, kama anayemtafuta Sauli anavyopelekwa kwa Paulo.

Tano, chini ya jina kuna namba ambayo msomaji haioni. Makala inafungwa na namba, haifungwi na herufi. Jina likisahihishwa, makala hazipotei. Na namba iliyokwisha kutolewa haipewi lebo nyingine kamwe, hata kama ya kwanza imefutwa.

Tulipomwonyesha Padre Gombera kanuni hizi, alizisoma, akasimama, akatuongoza hadi ofisini kwake. Kabatini kulikuwa na mafaili yetu. Alitoa faili la mmoja wetu na kutuonyesha cheti cha ubatizo: namba ya kitabuni, jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, wazazi, msimamizi, padre aliyebatiza, tarehe na mahali pa ubatizo. "Mnajua ni akina Yosefu wangapi wamebatizwa parokiani kwenu?" aliuliza. "Na hakuna hata mmoja aliyepata cheti cha ndoa cha mwenzake."

Alitukumbusha kwamba Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliwaagiza maparoko watunze vitabu vya ubatizo na vya ndoa, na kwamba hata leo Sheria ya Kanisa inataja mambo ya kuandikwa humo. Mtu akipata kipaimara, akifunga ndoa au akipewa daraja, habari hurudi kuandikwa palepale kwenye kitabu cha ubatizo. Sehemu moja, namba moja, maisha yote. Tulikuwa tumehangaika wiki kadhaa kutafuta jambo ambalo katibu wa parokia hulifanya kila Jumamosi kwa kalamu ya wino.

Barua mbili

Baada ya hapo ndipo tulipoweza kumjibu dada wa marehemu. Tuliandika: "Mama, shikamoo. Kaka yako hakukosa lolote. Tuliokosa ni sisi." Tukamweleza yote bila kujitetea. Tanzia tulikuwa tumeirudisha, ikiwa na lebo yake yenye mwaka wa upadrisho wake, na mwaka wa kifo ukionekana kwenye kichwa cha habari. Alijibu baada ya siku mbili. Alitusamehe, na akatutumia picha ya kaka yake akiwa frateri, amevaa kanzu iliyompwaya. Alisema picha ile ilikaa kwenye kasha la marehemu mama yao. Sasa iko juu ya tanzia.

Kwa padre aliye hai tulikwenda wenyewe, wakati wa likizo, pamoja na Padre mlezi. Alitupeleka kwa mama yake. Tulipiga magoti tukamwomba msamaha. Mama alitutazama mmoja mmoja akauliza majina yetu, kisha akauliza, "Na nyinyi mama zenu wapo?" Wawili wetu tukasema wapo. Mmoja akasema wake alishafariki. Mama akamwambia huyo akae karibu naye, akatupa uji. Hakusema zaidi kuhusu simu zile.

Jioni padre alitueleza jambo tusilolijua. Yule mwenye jina lake ndiye aliyembatiza. Wazazi wake walimpenda sana padre huyo kijana aliyekuwa na jina la ukoo kama la kwao, wakampa mtoto wao jina lake la ubatizo. Yale tuliyoyaona sisi kama ajali ya herufi yalikuwa shukrani ya wazazi wawili. Tulipokuwa tukihangaika kuwatenganisha, hatukujua kwamba mmoja aliitwa hivyo kwa sababu ya mwingine.

Tulimwomba aliandike hilo. Makala yake ilitoka Novemba iliyopita, mwezi wa kuwaombea marehemu. Ndiyo makala ya kwanza katika jarida letu inayobeba lebo zote mbili, na safari hii inastahili kuzibeba. Ukiifungua utaziona chini: jina moja mara mbili, kila moja na mwaka wake. Bonyeza ya kwanza, utafika kwenye tanzia yenye picha ya frateri mwenye kanzu inayompwaya. Bonyeza ya pili, utafika kwenye makala ya ndoa.

Ndugu msomaji, pengine wewe huna tovuti wala lebo. Lakini unataja majina ya watu kila siku, kwenye jumuiya, kwenye simu, kwenye nia za Misa. Kabla hujaituma habari ya mtu, uliza kwanza: ni yupi? Swali hilo ni dogo na halichukui muda. Sisi hatukuliuliza, na mama mmoja aliketi sakafuni. Tuwaombee mapadre wetu wawili, mmoja apate pumziko la milele, na mwingine maisha marefu. Mungu hawachanganyi.